Shamba la Nabothi: Nani atamwambia mfalme?

 

Ndugu msomaji, mada yangu ya wiki hii huenda ikawashangaza baadhi yenu. Nataka tuzungumze juu ya wafalme na Manabii wa Bani Israil, na sehemu kubwa ya visa nitakavyovieleza imo katika vitabu ambavyo Wayahudi wanavisoma kama maandiko yao na Wakristo wanaviita Agano la Kale. Najua yupo atakayeuliza: mwalimu wa dini ya Kiislamu ana haja gani na Vitabu vya Wafalme ilhali Qur'an anayo? Swali hilo ni la haki na nitalijibu punde.

Lakini kwanza niseme ninachokitafuta. Nataka tujiulize swali moja tu: je, mtu anayekula mkononi mwa mwenye nguvu anaweza kumwambia kweli? Na asipoweza, kunyamaza kwake ni udhaifu tu wa kibinadamu, au ni kushiriki katika dhulma? Silileti swali hili kama mtu aliye juu ya mnara akiwatazama wengine. Nina kisa changu mwenyewe, nitakieleza mwishoni, na si kisa cha kujivunia.

Tunavisoma vipi visa hivi?

Mtume (s.a.w.) aliruhusu kusimulia habari za Bani Israil, akasema hapana ubaya. Mahali pengine akatufundisha kwamba wanapotusimulia Watu wa Kitabu tusiwasadikishe wala tusiwakadhibishe, bali tuseme tumemuamini Allah na yale aliyoyateremsha. Hadithi zote mbili zimo katika Sahihi Bukhari. Kutokana na hizo, wanazuoni kama Ibn Kathir waliyagawa masimulizi hayo katika mafungu matatu: yanayoafikiana na Qur'an na Sunnah, hayo tunayakubali, yanayopingana nayo, hayo tunayakataa, na yale ambayo dini yetu imeyanyamazia, hayo hujuzu kuyasimulia kwa ajili ya mazingatio, bila kuyafanya kuwa msingi wa itikadi.

Mfano wa fungu la pili ni kile kinachosimuliwa katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11, juu ya Nabii Daud (a.s.) na mke wa Uria Mhiti. Sisi hatulikubali hilo. Mtume wa Allah hazini, wala hampeleki askari wake mstari wa mbele ili auawe apate kumchukua mkewe. Ibn Kathir, alipofika katika Surat Saad, alieleza kuwa mengi waliyoyataja wafasiri hapo yamechukuliwa katika Israiliyyat, na kwamba hakuna hadithi iliyothibiti ya kufuatwa katika hilo, akapendelea kukomea kwenye kuisoma Qur'an.

Na Qur'an yenyewe inasema nini? Inatusimulia (38:21-26) kuwa mahasimu wawili waliruka ukuta wakamwingilia Daud katika mihrabu yake. Mmoja akalalamika kuwa nduguye ana kondoo majike 99 naye ana mmoja tu, na bado ndugu huyo anamtaka huyo mmoja amkabidhi. Daud akahukumu papo hapo kuwa amedhulumiwa. Kisha akatambua kuwa ametahiniwa, akaomba maghufira na akaanguka kusujudu. Baadhi ya wanazuoni wamesema kilichomfanya aombe maghufira ni kutoa hukumu kabla ya kumsikiliza wa upande wa pili. Baada ya hapo Allah akamuamrisha ahukumu baina ya watu kwa haki wala asifuate matamanio.

Zingatia jambo hilo, ndugu msomaji. Daud ni Nabii na ni mfalme. Amepewa Zaburi, milima na ndege vikimsabihi Allah pamoja naye. Hata hivyo alipokaa kwenye kiti cha hukumu aliletewa mtihani, akakumbushwa na akarejea kwa Mola wake. Ikiwa Daud alikumbushwa, ni mtawala gani, tajiri gani au mwenyekiti gani wa msikiti leo aliye mkubwa kiasi cha kutokukumbushwa?

Visa ninavyovitaka zaidi, cha Nabothi na cha Mikaya, viko katika fungu la tatu. Navisimulia kwa ajili ya mazingatio.

Mfalme waliyemuomba wenyewe

Qur'an (2:246-247) inaeleza kuwa baada ya Musa (a.s.), wakubwa wa Bani Israil walimwambia Nabii wao awateulie mfalme ili wapigane katika njia ya Allah. Nabii huyo hakutajwa jina. Wafasiri wengi wanamtaja kuwa ni Shamwil, yaani Samweli. Akateuliwa Talut, ambaye katika Biblia anaitwa Sauli. Mara wakageuka. Atakuwaje mfalme na hakupewa mali nyingi? Wakajibiwa kuwa Allah amemzidishia elimu na nguvu za mwili. Kipimo chao kilikuwa mfuko, na kipimo cha Allah kilikuwa kingine.

Biblia inakisimulia kisa hicho kwa namna nyingine. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 8, Samweli anawaonya watu juu ya mfalme. Atawachukua vijana wenu wawe wapanda farasi na wakimbie mbele ya magari yake ya vita. Atawachukua binti zenu wawe wapishi na waokaji. Atachukua mashamba yenu na mizabibu yenu iliyo mizuri, awape watumishi wake. Nanyi mtakuwa watumwa wake. Watu wakasema hata kama ni hivyo, sisi tunataka mfalme kama mataifa mengine.

Liweke akilini lile la mizabibu, kwa maana karne moja na zaidi baadaye lilitokea.

Shamba la Nabothi

Baada ya Sulayman (a.s.), ufalme uligawanyika, Israeli kaskazini na Yuda kusini. Katika karne ya 9 kabla ya Nabii Isa (a.s.), kaskazini alitawala mfalme aitwaye Ahabu mwana wa Omri. Wataalamu wa mambo ya kale wanalo jiwe la mfalme Shalmaneser wa Tatu wa Ashuru, ambalo limehifadhiwa jijini London, likieleza vita vya Qarqar vya mwaka 853 kabla ya Isa. Katika orodha ya waliopigana na Ashuru, Ahabu anatajwa kuwa na magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Huyu hakuwa mfalme mdogo. Baba yake naye alivuma kiasi kwamba Waashuru waliendelea kuiita nchi ile nyumba ya Omri hata baada ya ukoo wake kuondoka madarakani.

Sasa fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Omri anapewa aya chache tu. Magari 2,000 ya Ahabu hayatajwi kabisa. Kinachotajwa kwa urefu, sura nzima ya 21, ni shamba moja la mizabibu la raia mmoja. Jiwe la mfalme huhesabu magari, na kitabu kile kinahesabu shamba la Nabothi.

Kisa chenyewe ni hiki. Nabothi wa Yezreeli alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme. Ahabu akalitaka alifanye bustani ya mboga. Akaahidi kumpa shamba bora zaidi au thamani yake kwa fedha. Nabothi akakataa: ule ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akarudi nyumbani amenuna, akalala kitandani, akageuzia uso ukutani na kugoma kula.

Mkewe Yezebeli, binti wa mfalme wa Wasidoni, akamwambia aamke ale, yeye atampatia shamba. Akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na watu wakubwa wa mji wa Nabothi. Aliagiza mambo manne: watangaze mfungo, wamketishe Nabothi mbele ya watu, waweke watu wawili waovu wamshuhudie kuwa amemtukana Mungu na mfalme, kisha wamtoe nje wampige mawe mpaka afe. Ikawa hivyo hivyo. Na Kitabu cha Pili cha Wafalme (9:26) kinataja pia damu ya wanawe, maana yake warithi nao waliondolewa.

Hebu tazama jinsi dhulma ilivyovaa kanzu. Hakutumwa jambazi usiku. Palitangazwa mfungo, ambao ni ibada. Pakaitwa baraza la wazee, ambalo ni chombo cha haki. Pakaletwa mashahidi wawili, idadi ile ile inayotakiwa na sheria ya Taurati kwa kesi ya kifo. Pakatajwa jina la Mungu. Kila karatasi ilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni ukweli peke yake.

Kisha jiulize: nani alimuua Nabothi? Ahabu alikuwa kitandani amenuna. Yezebeli alikuwa jumbani na kalamu yake. Waliotupa mawe walikuwa watu walioaminishwa kuwa wanatekeleza sheria. Lakini wazee wa mji walikuwa wanajua. Barua waliisoma, na Nabothi walimjua, alikuwa jirani yao. Kitabu hakitaji hata mmoja aliyesema hapana.

Ahabu alipoteremka kwenda kulimiliki shamba alimkuta Eliya amesimama pale. Huyu ndiye Ilyas (a.s.) ambaye Qur'an inatueleza (37:123-126) kuwa aliwakataza watu wake kumuabudu Baali na kumwacha Muumba aliye bora. Katika kisa hiki cha Biblia anamkabili mfalme kwa ajili ya raia mmoja aliyeuawa na kunyang'anywa. Tauhidi na haki ya jirani zilitoka katika kinywa kimoja. Wenye kudhani kuwa dini ni kukemea shirki tu na kwamba mambo ya viwanja vya watu ni siasa, wamtazame Ilyas.

Manabii mia nne na mmoja

Sura inayofuata, ya 22, ina kisa cha pili. Ahabu anataka kwenda kuupigania mji wa Ramoth-Gileadi, pamoja naye Yehoshafati, mfalme wa Yuda. Wanaitwa manabii wapatao 400. Wote kwa sauti moja wanasema nenda, utashinda. Mmoja wao, Sedekia, ametengeneza pembe za chuma kuonesha jinsi mfalme atakavyowapiga maadui zake.

Yehoshafati hakuridhika, akauliza kama hakuna mwingine. Ahabu akajibu kuwa yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Mjumbe aliyetumwa kumwita akampa Mikaya nasaha njiani: wenzako wote wamesema maneno mazuri, basi na lako lifanane na lao.

Nasaha hiyo, ndugu msomaji, inatolewa mpaka leo, na mara nyingi anayeitoa si adui. Ni rafiki anayekutakia mema. Anakwambia, ustadhi, usiharibu shughuli ya watu.

Mikaya alipobanwa na mfalme aseme kweli, akasema amewaona Israeli wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji. Sedekia akamzaba kofi. Mfalme akaamuru afungwe gerezani, alishwe chakula kidogo na maji kidogo. Ahabu akaenda vitani amejibadilisha mavazi ili asitambulikane. Askari mmoja akavuta upinde pasipo kumlenga, mshale ukapenya kwenye maungio ya dirii, akafa jioni.

Kwa nini wale 400 walikubaliana? Kitabu cha Amosi kinatupa mwanga. Karne moja baadaye, Amosi, mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, alifika Betheli akawakemea wanaowauza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Amazia, kuhani wa pale, akamwambia akimbilie Yuda, akale mkate wake huko na kutabiri huko, kwa kuwa Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme. Amazia hakusema kuwa Amosi ni mwongo. Aliona tu kuwa unabii ni kazi ya kupatia mkate, na kila mkate una mwenyewe. Amosi akamjibu kuwa yeye si nabii wala mwana wa nabii. Ana mifugo yake na mikuyu yake. Maana yake mkate wake haukutoka Betheli.

Je, kila aliye ikulu ni mbaya?

Hapa lazima tuwe waadilifu. Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kusema kuwa aliye karibu na mtawala amepotea na aliye mbali ameokoka. Lakini maandiko haya haya yanakataa wepesi huo.

Msimamizi wa nyumba ya Ahabu alikuwa mtu aitwaye Obadia. Alikula chumvi ya Ahabu kila siku. Yezebeli alipokuwa akiwaua manabii, Obadia aliwaficha 100 katika mapango, hamsini hamsini, akiwapelekea mkate na maji. Huko Yuda, Yeremia alipotupwa katika shimo lenye matope, aliyekwenda kumwombea kwa mfalme Sedekia alikuwa mtumishi wa ikulu, Mwafrika, Ebedmeleki Mkushi. Alikwenda na watu na kamba, akachukua hata vitambaa vichakavu ili Yeremia aweke makwapani kamba zisimchubue. Na sisi tunaye Nabii Yusuf (a.s.) aliyeshika hazina za mfalme wa Misri, akawaokoa watu na njaa.

Katika historia yetu, Imam Abu Hanifa alikataa kuwa kadhi wa Khalifa al-Mansur, naye alifungwa. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alikubali kuwa kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, lakini kitabu alichomwandikia khalifa huyo juu ya kodi kimejaa maonyo ya kumcha Allah na kutowadhulumu raia. Wote wawili tunawaombea rehema.

Kwa hiyo tatizo si kukaa karibu. Tatizo ni pale siku ya Nabothi inapofika. Obadia alikula mkate wa Ahabu, na siku ilipofika akautoa mkate ukawalisha waliokuwa wakisakwa. Wale 400 siku ilipofika waliwaza mkate wa kesho. Anayetaka kujijua yuko upande gani asijipime siku ya amani. Ajiulize: siku ya mwisho niliyomwambia mwenye kunipa jambo asilotaka kulisikia ilikuwa lini?

Wapo pia wanaosema kuwa kumwambia mtawala hadharani ni fitna, anasihiwe kwa faragha. Hoja hii ina asili yake, na Musa na Harun (a.s.) waliamrishwa wamwambie Firauni maneno laini (20:44). Lakini waliamrishwa waende na waseme. Ulaini ni sifa ya maneno, na mtu aliyenyamaza hana maneno ya kulainisha. Wengi wetu tunaosema tutamnasihi kwa faragha, faragha hiyo haifiki.

Hakuna Nabii baada yake

Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ameeleza kuwa Bani Israil walikuwa wakiongozwa na Manabii, kila alipokufa Nabii alifuatiwa na Nabii mwingine. Kisha akasema kuwa baada yake yeye hapana Nabii, watakuwepo makhalifa.

Tunaisoma hadithi hii kuthibitisha kukoma kwa Utume, na ni sahihi. Lakini ina mzigo ndani yake. Bani Israil walipopotoka waliweza kungoja Eliya aje. Sisi hatumngoji. Kazi ya kusimama kwenye shamba la Nabothi imebaki mikononi mwa umma wenyewe, wanazuoni wakiwa mbele kwa kuwa ndio warithi wa Mitume. Sayyidna Abu Bakr (r.a.) alilifahamu hilo tangu siku ya kwanza, akawaambia watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Imam Ahmad bin Hanbal alilifahamu, akavumilia jela na mijeledi katika mtihani ulioanza mwaka 218 Hijria. Na baadaye, khalifa mwingine alipomwelekea kwa zawadi, wanahistoria wanaeleza kuwa alizichukia, na akawakasirikia wanawe walipopokea fedha za ikulu. Mjeledi hakuukimbia, bahasha aliikimbia.

Qur'an inatuambia (5:78-79) kuwa makafiri katika Bani Israil walilaaniwa kwa ulimi wa Daud na Isa bin Maryam, kwa kuwa waliasi, na walikuwa hawakatazani maovu waliyoyafanya. Katika kulieleza hilo, Abu Daud na Tirmidhi wamepokea riwaya kutoka kwa Ibn Mas'ud, ambayo baadhi ya wanazuoni wameijadili isnadi yake, kwamba upungufu ulianza pale mtu alipomkataza mwenziwe uovu leo, na kesho yake uovu ule usimzuie kula naye, kunywa naye na kukaa naye.

Futari niliyokula

Sasa kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa jiji la Dar es Salaam, mama mmoja mjane alipoteza kiwanja kilichoachwa na marehemu mumewe. Ilitokea karatasi kuwa marehemu alikiuza kabla ya kufa. Karatasi ilikuwa na mashahidi wawili. Wazee wa mtaa wakatia saini. Aliyenunua alikuwa mtu mwenye uwezo, mfadhili wa madrasa, aliyetununulia majamvi na mafeni.

Marehemu alikuwa jirani yangu. Miezi michache kabla hajafa, tukitoka kuswali alfajiri, aliniambia kuwa watu wanamsumbua auze kile kiwanja na kwamba hatauza, ni cha wanawe. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu.

Ramadhani iliyofuata, mfadhili yule alifuturisha mtaa mzima. Turubai lilifungwa juu ya kiwanja kile kile. Nikaombwa nisome Qur'an na kuomba dua kwenye spika. Nilichagua aya za fadhila za kutoa. Nikamuombea baraka katika mali yake. Nikala tende, kaimati na pilau, na nilipoondoka nikapewa bahasha. Njiani nilijiliwaza kwa hadithi ya kukataza uovu kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo, nikajiambia kuwa mimi nimechukia kwa moyo. Ndugu msomaji, ni moyo gani unaochukia wakati mdomo unatafuna?

Mwaka juzi nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi habari za Nabii Ilyas, nikawasimulia na shamba la Nabothi. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi, wale wazee wa mji waliosoma barua, majina yao ni nani?" Nikamjibu kuwa hawakutajwa. Akauliza tena, "Sasa walijua kama wamefanya dhambi, au walijiona wametii tu?"

Sikuweza kuendelea na kipindi. Nilikumbuka kuwa Qur'an (2:283) inakataza kuficha ushahidi, na kwamba mwenye kuuficha moyo wake ni wenye dhambi. Moyo ule ule niliojiliwaza nao.

Ijumaa ile nilimtafuta yule mama. Anaishi kwa kaka yake, mbali na mtaa wetu. Nilimwamkia, nikamweleza nilichosikia kwa marehemu na jinsi nilivyokaa kimya. Alinitazama kwa muda.

"Dua yako niliisikia, ustadhi," akasema. "Nilikuwa kwa jirani, spika ilifika."

Nikamwambia nipo tayari kulisema lile nililolisikia mbele ya yeyote.

"Nyumba imeshasimama pale, mwanangu. Lakini wanangu wanaambiwa baba yao aliuza, akala fedha peke yake. Ingia ndani uwaambie."

Nikaingia nikawaambia. Baadaye nikayaandika na kutia saini, na nakala wanayo. Kiwanja hakijarudi. Kwenye futari za mfadhili yule siitwi tena, na baadhi ya wenzangu wananiona nimeleta fitna.

Nabothi naye hakurudishiwa shamba. Aliyekwisha kufa hafufuliwi na ukweli hapa duniani. Lakini kwa kuwa yupo aliyesema, hakuna msomaji wa kisa kile anayeamini kuwa Nabothi alimtukana Mungu. Heshima yake ilirudi kwa wanaobaki. Hicho kinaweza kuonekana kidogo kwa mwenye kuhesabu magari 2,000. Kwa watoto walioambiwa baba yao aliwala, si kidogo.

Na jawabu la swali letu? Anayekula mkononi mwa mwenye nguvu anaweza kumwambia kweli. Obadia na Ebedmeleki ni mfano. Lakini ni lazima awe ameshakubali, kabla siku haijafika, kuwa mkate ule unaweza kukatika. Asiyekubali hilo mapema, siku ikifika atatafuta aya za fadhila za kutoa, kama nilivyofanya mimi. Na kunyamaza kwa mwenye kujua, pale ambapo neno lake lingeweza kuzuia dhulma, hakuwi udhaifu tu. Ni saini ya tatu chini ya ile karatasi.

Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Tumuombe Allah (s.w.) asitufanye wenye kuchukua, wala wenye kushuhudia uongo, wala wale wazee ambao waliisoma barua wakaikunja. Atupe ulimi wa kusema haki kwa hekima, na riziki ya halali isiyotufunga midomo.